Aliyemtaja Mume Wangu Kwenye Kanda

Mume wangu hakuruhusu kanda za dansi ndani ya nyumba yetu. Za kwaya zilikuwepo, za mahubiri zilikuwepo, na mbili tatu za taarabu ya zamani nilizokuja nazo mimi, ambazo alizivumilia. Dansi hapana. Hasa dansi lile jipya la miaka ya tisini, la kinanda na rapu na wanenguaji, na kutaja majina ya watu katikati ya wimbo. Alisema limeoza. Mgeni akija na kanda mfukoni aliambiwa airudishe kwenye gari.

Sikuona ajabu. Kila mwanamume wa Kitanzania niliyemjua Minneapolis alikuwa na jambo lake moja alilolikataa kwa nguvu zote, kana kwamba akiliachia atapotea. Mmoja alikataa kula mkahawani. Mwingine alikataa kuvaa kaptula, hata Julai watu wakiyeyuka. Wangu alikataa dansi.

Tulikaa mtaa wa Phillips, ghorofa ya pili. Jumapili baada ya ibada watu walikuja kwetu, kwanza kwa sababu nilipika, pili kwa sababu basi lilisimama mbele ya mlango. Wanaume walikaa sebuleni wakabishana. Siasa waliiepuka, maana iliwatenga waliokuja kusoma na sisi tuliokuja kufanya kazi. Muziki kila mtu aliuweza. Mimi niliishia darasa la saba, lakini nikiwa jikoni niliweza kusema nani anadanganya.

Waliokuwa hawakosi ni wawili. Mmoja alikuwa mhasibu, rafiki mkubwa wa mume wangu, aliyekuja kama mwanafunzi akabaki akapata ofisi ya kioo katikati ya mji. Wa pili alikuwa kijana wa Kikenya aliyepiga muziki kwenye sherehe zetu. Siku za kazi alisukuma mizigo uwanja wa ndege, Jumamosi na Jumapili akawa didijei.

"Bendi itakula nini bila kutaja watu?" mhasibu alisema siku moja. "Kiingilio anachukua mwenye baa. Mwenye basi akitajwa anafurahi, anatoa, vijana wanakula. Ubaya uko wapi?"

"Wimbo ukishamsalimu mwenye basi si wimbo tena," mume wangu akasema. "Ni tangazo."

"Mzee, muziki ni biashara, bana," didijei akaingilia.

"Biashara yako wewe. Gitaa hujui hata linashikwa wapi. Kazi yako kubonyeza."

"Nabonyeza, na nyinyi mnacheza!"

Wakacheka wote, hata mume wangu. Hapo ndipo mgeni mmoja, ambaye simkumbuki sura, akasema yeye hana ugomvi na dansi jipya, maana akienda ukumbini masikio huyaacha nyumbani, hupeleka macho tu kwa wanenguaji. Mume wangu akaweka sahani chini.

"Wale ni watoto wa watu."

"Aa, baba, si utani tu?"

"Nimekwambia ni watoto wa watu. Wana baba zao."

Sebule ilipoa. Mhasibu akaanza kuzungumzia theluji. Mimi nilisimama pale na mwiko, nikajiambia huyu anamwaza binti yetu. Alikuwa na miaka kumi na moja wakati huo, ameanza kubandika ukutani picha za waimbaji wa televisheni, na baba yake alikuwa akizitazama kama mtu anayetazama ufa kwenye ukuta. Maelezo hayo yalinitosha. Leo nashangaa yalinitoshaje.

Alifariki majira ya baridi yaliyofuata, kazini, kiwandani Fridley. Moyo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, kiatu kimoja mguuni. Kumsafirisha hatukuweza. Tulimzika huku, kwenye ardhi ngumu kama zege, na nyumbani ukoo wake ukaweka matanga bila mwili. Nilivaa nyeusi mwaka mzima. Si kwamba kuna mtu aliyenilazimisha. Niliona tu kwamba nguo za rangi zingenitaka niseme maneno mengi.

Sherehe ya kwanza niliyokwenda baada ya kuvua nyeusi ilikuwa ya kipaimara cha mtoto wa watu tunaosali nao. Ilifanyika Jumapili saa tisa alasiri, kwenye ukumbi wa kupanga Saint Paul. Sherehe zetu zilikuwa za mchana, maana nusu ya watu walianza zamu jioni. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni. Didijei alinisalimia kwa heshima, akarudi kwenye vyombo vyake.

Akaweka kanda mpya. Nilijua ni mpya kwa jinsi watu walivyoinua vichwa. Yalianza magitaa, kikafuata kinanda, halafu sauti ya kike ikaanza kutaja watu. Ikamtaja mwenye gereji. Ikamtaja mheshimiwa fulani. Ikamtaja mama wa duka la vitenge. Kisha ikamtaja mume wangu.

Ilimtaja kwa majina mawili, la ubatizo na la ukoo. Jina lile la ukoo hata kwao ni nadra. Sijawahi kumsikia mwingine mwenye yote mawili. Na baada ya jina ikasema: "Baba yangu wa Minnesota, mwanao nakusalimu. Salamu zikufikie huko kwenye baridi."

Jina lenyewe silo lililonishtua zaidi. Kilichonishtua ni ukumbi. Kama mezani ni wewe peke yako usiyejua jambo, wenzako hukutazama kwanza, halafu wote kwa pamoja wanatazama kwingine. Ndivyo walivyofanya. Mhasibu alianza kuchunguza kijiko chake. Mkewe akainuka kwenda kuchukua maji ilhali glasi yake imejaa. Na didijei, ambaye siku zote hujisifu kwamba hakati wimbo katikati, akaukata katikati akaweka mwingine.

Nilikula keki. Niliwapongeza wazazi. Nikarudi kwa basi nyumbani, nilikokuwa nimemwacha binti yangu, nikiwa nimekwisha kuwa mtu mwingine.

Lazima nieleze kilichonitesa, maana asiyejua bendi zetu anaweza kufikiri jambo lilikuwa wazi. Halikuwa wazi. Kwenye dansi kila anayetoa fedha huitwa baba. Binti wa bendi akimwita mtu "baba yangu", akasema "mwanao nakusalimu", inaweza kuwa mzee yule ni mfadhili wake tu. Na mfadhili wa mwimbaji wa kike, kila mtu anajua anafadhili nini. Kwa hiyo nilikuwa na mambo mawili mkononi. Ama mume wangu, aliyekataza dansi ndani ya nyumba, alikuwa akimtunza kimada wa bendi Dar es Salaam kwa jasho la Fridley. Ama alikuwa na mtoto nisiyemjua, na binti yangu, ambaye kwa jina lake sisi wawili tuliitwa baba na mama mbele za watu, hakuwa mtoto wake wa kwanza. Sikujua nimwombe Mungu iwe lipi.

Nilianza kupekua. Nilipekua makoti yake yaliyokuwa bado kabatini, mfuko kwa mfuko. Tiketi ya basi, peremende, kipande cha uzi, tishu. Nilitupa vyote. Nilikasirika kwa kukosa kitu kuliko ambavyo ningekasirika kukipata. Nikaanza kuyatilia shaka hata mambo mema. Kumbe ndiyo maana aliniletea maua siku ile? Kumbe ndiyo maana hakupenda niende likizo peke yangu? Shaka ni kazi isiyo na siku ya mapumziko.

Kazini nilikuwa na rafiki mmoja, mama wa Kikenya tuliyefua naye mashuka kwenye hoteli Bloomington. Nilimweleza tukiwa tunakunja.

"Aki wewe!" akasema. "Hao watu wako wanakuficha kitu. Yaani ukumbi mzima unanyamaza?"

"Labda ni jina tu limefanana."

"Limefanana na Minnesota pia? Wacha. Enda ukaulize. Lakini usiulize wote pamoja, watapanga maneno. Chukua mmoja mmoja."

Nikamchukua didijei kwanza. Nilimkuta nyumbani kwake, ghorofa mbili chini ya jamaa zangu wa kanisani, sebule imejaa kanda na sahani za santuri mpaka pa kukaa hakuna.

"Ile kanda ya Jumapili nataka kuisikia."

"Gani, Mama?"

"Wewe unajua."

"Ile? Ile imepotea, Mama."

"Imepotea tangu Jumapili? Leo ni Jumanne."

Akajikuna kichwa. "Mama, si ubaya. Mimi sikujua iko na hayo maneno. Nilitumiwa tu, nikaicheza bila kuisikiliza yote. Wallahi, ningejua ningeiruka."

"Ungeiruka kwa nini, kama ni salamu tu?"

Alinyanyua mto wa kiti, akaitoa kanda chini yake, akanipa kwa mikono miwili.

Niliisikilizia kwenye gari la binamu yangu, limeegeshwa nje ya nyumba yetu, hita inawaka. Kuipandisha juu nilishindwa, ingawa aliyekataza hayupo. Nilirudisha nyuma pale pale mara nyingi. Sauti ilikuwa nene kidogo, imetoka kifuani. Nilijaribu kumsikia mume wangu ndani yake. Mara nilimsikia kabisa, alivyokuwa akivuta mwisho wa neno. Nikirudisha tena simsikii, ni msichana tu anatafuta riziki. Hivyo kanda haikunisaidia. Kwenye karatasi ya jalada palikuwa na picha ya bendi nzima, wanawake watatu mbele, na simu ya ofisi yao. Sikujua hata yupi kati ya wale watatu.

Nikanunua kadi ya simu nikampigia wifi yangu, dada wa marehemu.

"Wifi, ni nani huyo wa bendi anayemtaja kaka yako?"

Upepo wa simu ya mbali ulivuma kwenye laini.

"Bendi ipi?" akauliza.

"Hukushangaa kwamba anatajwa. Umeuliza bendi ipi."

"Wifi, umefiwa, pumzika. Wanamuziki wanamtaja kila mtu. Hata mbunge wetu wanamtaja, na hajawatolea kitu."

"Kaka yako alikuwa na mtoto?"

"Si unaye wewe huyo?"

"Mwingine."

"Wifi, kadi yako haiishi tu?"

Kadi haikuisha. Aliyeaga ni yeye.

Basi nikabaki na mhasibu. Nilimwacha wa mwisho kwa makusudi. Niliogopa kwamba yeye ndiye atakayejua. Nilikwenda kwao Jumamosi asubuhi bila kupiga simu, jambo ambalo huku si desturi, ila kwetu ni desturi, na nilitaka akumbuke kwetu. Alikuwa na pajama. Mkewe akaweka chai akarudi jikoni, akaacha mlango wazi.

"Shemeji," nikamwambia, "kimada au mtoto? Usinizungushe. Sema moja."

"Shemeji jamani, hata chai hujanywa."

"Moja."

"Marehemu alikuwa mtu mzuri, shemeji."

"Sijakuuliza hilo."

Mkewe akasema kutoka jikoni, bila kutokea: "Mwambie, mume wangu. Mimi nimechoka kumkimbia mwenzangu macho kanisani."

Mhasibu akafunga pajama yake vizuri, kama mtu anayeitwa mbele ya baraza. Akaniambia hivi, na ninayaandika kama alivyoyasema, bila kuongeza.

Mara ya kwanza alipokwenda nyumbani likizo, mume wangu alimpa jozi ya viatu ampelekee mtu Morogoro. Viatu vya shule, vya kike, vyeusi vya mkanda. "Vidogo hivi," akasema, akanionyesha kwa kiganja. Aliyempokea ni mama mmoja muuza chakula karibu na ukumbi wa dansi, na msichana wa miaka tisa au kumi. Mama yule akampima binti unyayo kwa uzi, akaukata uzi, akampa mhasibu aurudishe Minnesota. Likizo iliyofuata viatu vilikuwa vikubwa kidogo, kwa kipimo cha ule uzi na nafasi ya kukua. Akarudi na uzi mwingine. Iliyofuata, vikubwa zaidi.

"Kimada hakui miguu, shemeji," akasema.

Nikauliza kwa nini nilifichwa. Akasema mimi mwenyewe najua. Na kweli nilijua, mara tu aliposema. Siku ya kupeleka posa, baba yangu, mzee wa kanisa, alimuuliza mbele ya wajumbe wote kama ameacha mtoto mahali. Akasema hajaacha. Wakati huo alikuwa ametoka Morogoro kwenye kibarua cha miaka mitatu. Baba yangu aliwahi kurudisha posa ya mtu kwa jambo hilo hilo. Akisema ukweli angenikosa. Aliposema uongo, ikawa kila mwaka unaopita unaufanya uwe mzito zaidi kuutoa.

"Na mara ya mwisho?" nikauliza.

"Mara ya mwisho hakunipa viatu. Binti alikuwa ameingia bendi. Mama yake alikwishafariki, akaondoka Morogoro akaenda Dar. Mzee alimtumia neno kwamba akipanda jukwaani asimwite baba. Nilikwenda kumwona hivyo hivyo. Msichana mkubwa sasa, lakini akachukua uzi akajipima mwenyewe mbele yangu, akasema, mpelekee baba. Nikampelekea."

"Akafanya nini?"

"Akautia mfukoni."

Niliinuka. Naomba mnielewe; nilikuwa nimetupa kipande cha uzi kutoka mfuko wa koti lake wiki ile ile. Uzi mfukoni mwa koti nani huutazama mara mbili?

Njiani kurudi nilipanga upya kila Jumapili ya sebuleni kwetu. Kinanda, rapu, tangazo, gitaa linashikwa wapi. Sijui ni kiasi gani cha yale mabishano kilikuwa muziki. Labda kweli aliamini dansi limeoza. Mtu anaweza kuamini jambo na pia kujificha nyuma yake. Lakini mara ile aliyoweka sahani chini, nadhani hakuwa akibishana.

Bado sikuridhika. Shaka ilikwishanizoea. Nilijiuliza kwa nini binti amtaje hadharani baada ya kukatazwa. Anatafuta nini? Nyumba ya marehemu kule kwao, ile tuliyoijenga nusu? Jina la ukoo? Nilijiambia nitampigia nimsikie, asinidanganye, na akianza kuomba kitu nitakata simu.

Nilipiga mara ya kwanza nikaambiwa na mwanamume kwamba waimbaji huja mazoezini saa kumi. Saa kumi ya Dar wakati wa baridi ni saa moja asubuhi kwetu. Siku ya mapumziko yangu nilisubiri binti yangu apande basi la shule, nikapiga, nikaomba yule mwimbaji wa sauti nene. Nyuma kulikuwa na besi inajaribiwa, nota moja moja, na mtu anahesabu kwenye maikrofoni.

"Haloo, shikamoo," ikasema ile sauti ya kanda.

"Marahaba. Napiga kutoka Minnesota."

Hakunijibu mimi. Nilimsikia akipiga kelele kwa wenzake, "Ni Minnesota! Jamani, Minnesota wamepiga! Si niliwaambia?" Mtu akapiga mbinja. Akarudi kwenye simu akihema. "Wewe ni mama mdogo? Baba ameisikia? Ameisikia kanda? Amekasirika?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali mengi. Hilo halikuwemo. Nilifikiri nitazungumza na mtu mwenye hila, kumbe nazungumza na mtu ambaye hajaambiwa. Wifi yangu alijua wa kumpigia alipofiwa na kaka, lakini huyu hakuwa kwenye hesabu yake. Mhasibu alidhani ukoo umemwambia. Ukoo haukumtambua.

"Hajaisikia," nikasema. "Baba yako alifariki. Mwaka umepita."

Nilisema "baba yako". Nilijisikia nikilisema, na sikulirudisha.

Besi iliendelea. Nota moja, nota nyingine.

"Mwezi gani?" akauliza.

"Wa pili."

"Sisi tulirekodi mwezi wa nne. Na ukumbini namtaja kila Ijumaa."

"Watu wa kwao hawakukuambia?"

"Watu wa kwao hawanijui, mama."

Hapo nikangoja. Nasema ukweli: nilingoja aombe. Nilikuwa nimeushika mkono wa simu kama mtu aliyeshika kitasa. Aliuliza kitu kingine.

"Naruhusiwa kulia? Maana nikilia hapa wataniuliza nani amekufa, na mimi nimewaambia yuko Minnesota."

"Waambie ni baba yako."

"Wataniuliza kwa nini sikwenda msibani."

"Waambie hukuambiwa. Waambie mke wake ndiye amekuambia leo."

Akalia. Si kilio cha matanga, cha kupokezana na watu. Alilia kama anayejibana kwenye kona na mkono mdomoni. Nami nililia upande huu. Tangu mazishi nilikuwa nalia na watu waliomjua mume wangu nusu niliyoijua mimi, na sasa nalia na mwenye nusu nyingine. Sikusema hayo. Nilisema, "Pole, mwanangu," na yeye akasema, "Pole na wewe, mama."

Mtu akamwita jina kwa mbali, mazoezi yanaanza. Akauliza haraka: "Niache kumtaja?"

Nilifikiri. Mume wangu angesema aache, na nilijua hivyo. Pia nilijua kwamba kama angeacha, jina lile lisingesikika tena popote ila kwangu.

"Mtaje," nikasema. "Lakini usimsalimu. Salamu ni za walio hai."

"Nitamtajaje sasa?"

"Wewe ndiye mwimbaji."

Akatoa kitu kama kicheko, akasema atatafuta maneno. Tukaagana bila kuahidiana.

Shaka haikuisha siku ile. Usiku ule ule nilijiuliza kama nimechezewa, kama kilio kile ni kilio. Sina karatasi ya kuthibitisha. Nina viatu nilivyosimuliwa na nina uzi nilioutupa.

Lakini kabla ya usiku ilikuwa mchana, na mchana binti yangu alirudi kutoka shule. Sikutaka aje kulisikia ukumbini kama mimi, watu wakitazama vijiko. Nilimkalisha nikamweleza kama nilivyoelezwa: Morogoro, posa, viatu, bendi, neno lililotumwa. Sikumpamba baba yake wala sikumtukana. Alisikiliza kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Kwanza aliuliza kama huyo dada ni maarufu. Nikamwambia kidogo, kwa Dar es Salaam. Halafu akauliza ana miaka mingapi, nikagundua sikumuuliza, lakini nikasema amemzidi kwa miaka mingi tu.

"Kwa hiyo mimi ni wa pili," akasema, hilo kwa Kiswahili.

"Ndiyo. Wewe ni wa pili."

Alikaa na begi bado mgongoni. Nilidhani atalia, au atagonga mlango kama wanavyofanya watoto wa huku. Akauliza tena, polepole, akitafuta maneno: "Baba alimkataza kuimba?"

"Alimkataza."

"Mimi nikitaka kuimba je?"

Nilimtazama. Sikuwa na jibu ambalo lingekuwa la kweli lote, na siku hiyo sikutaka kumpa la nusu. Nikamwambia avue koti, chakula kinapoa, nami ninafikiri.